Fundi wa Kuongeza Theluthi

Mtaani kwetu mjini Shinyanga mafundi walikuwa wengi: wa baiskeli, wa cherehani, wa saa, wa majiko. Lakini ukisema "Fundi" bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yule wa redio na runinga, aliyeketi kwenye baraza ya duka la Baba Nasrini. Jina lake nilikuja kulijua baadaye sana, na wala halikumkaa vizuri. Nitamwita Fundi.

Sitasema alizaliwa wapi wala nani alimfundisha kazi. Hakuwahi kutuambia, na sisi hatukuuliza. Ninachokijua ni mikono yake. Kitu chochote kilicholetwa mezani pake alikiweka kwanza kwenye kiganja cha kushoto, akafumba macho, akakipandisha na kukishusha mara mbili. Kisha alitamka neno moja: "Nzito." Au: "Nyepesi." Nyepesi lilikuwa tusi. Alisema kitu cha umeme kilichotengenezwa kwa haki kina shaba na chuma tumboni, na anayetaka kukuibia huanza kwa kupunguza shaba.

Baada ya mkono ilifuata mizani. Aliingia dukani akaomba ile ya kupimia sukari, na Baba Nasrini, ambaye familia yake ilikuwa na duka hapo tangu enzi za babu yake aliyetoka Bara Hindi, alilalamika.

"Fundi, mafuta yako yataingia kwenye sukari yangu!"

"Nimetandika gazeti, Baba Nasrini."

"Gazeti la jana lilitoboka."

Lakini alimpa. Kila siku alilalamika na kila siku alimpa. Wala hakuna aliyeona ajabu kifaa cha umeme kuwekwa kwenye mizani. Huku kwetu mkulima wa pamba na mchimba dhahabu wote wamezeeka wakitazama mshale unasimama wapi. Ukimwambia mtu wa kwetu kwamba kitu kimepimwa, hana swali tena.

Jambo lake la pili lilikuwa theluthi. Ukimletea kazi ya umeme alichukua kipande cha boksi la sabuni na penseli ya seremala, akaorodhesha kila kitakachokula umeme, akajumlisha, kisha akaongeza theluthi. Hiyo theluthi hakuifanyia mzaha hata kidogo. Kifaa kinachotosha kamili, alisema, kinafanya kazi huku kimebana pumzi, na jioni umeme wa Shinyanga ukishuka kitakata roho. "Mwachie mahali pa kupumulia," ndivyo alivyosema, kana kwamba transfoma ni ndugu yake mgonjwa.

Nakumbuka mchimbaji mmoja kutoka machimbo ya Segese aliyekuja na jenereta dogo, jipya, bado lina nailoni. Alikuwa amepata mali wiki hiyo, na mtu aliyepata mali Segese unamjua kwa sauti. Alitaka jenereta liwashe taa sita, friji na video. Fundi akaandika kwenye boksi lake, akaongeza theluthi, akasema halitoshi.

"We nifungie tu, mzee. Jenereta ni langu."

"Jenereta lako, mkono wangu. Sifungi."

"Basi toa hiyo theluthi yako!"

"Theluthi haitoki."

Mchimbaji akaondoka akitukana, akapata fundi mwingine siku hiyo hiyo. Haikupita wiki, friji lake likaletwa juu ya mkokoteni likinuka moshi. Tuliokuwa barazani tulicheka. Fundi hakucheka. Alilipapasa friji kama anatoa pole.

Nisije nikamfanya malaika. Huyo wa theluthi alikuwa na baiskeli ambayo ungeionea huruma: runinga mbili nyuma, gunia la mkaa juu yake, na yeye mwenyewe. Kiti chake kilikuwa na miguu mitatu na jiwe. Na nyumbani kwake hapakuwa na umeme kabisa. Waya ulipita juu ya bati lake kwenda kwa jirani, naye alilala kwa kibatari. Nilipomuuliza alisema, "Nauelewa, ndiyo maana." Sijui kama ulikuwa mzaha. Uso wake haukuonyesha.

Alikuwa na ukweli wa kuudhi. Kwaya ya kanisani kwetu ilimwita Jumapili moja aangalie spika kabla ya ibada, na mwenyekiti wa kwaya akamuuliza mbele ya watu wote imekuwaje sauti imepungua. Fundi akajibu, "Hii ilikufa tangu Jumanne. Mmekuwa mkiimba wenyewe." Kanisa zima lilisikia. Mwenyekiti hakumsalimia miezi mitatu. Mama yangu alikuwa akisimulia kisa hicho huku akishika mdomo, na kila mara alimalizia hivi: "Yule hawezi kusema uongo hata ukimpa ng'ombe." Nakiandika hapa kwa sababu kina kazi mbele.

Sasa niseme yaliyotukutanisha sisi na yeye.

Mimi naitwa Doto. Aliyetangulia kutoka tumboni ni Kulwa, ndugu yangu pacha, na mama yetu, kama ilivyo desturi, aliitwa Mama Kulwa. Kulwa alikuwa dereva kwenye kambi ya Wazungu waliotafuta dhahabu huko porini upande wa Geita. Kambi ilipofungwa mmoja wao alimwachia kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya kuchezea michezo, mbio za magari hasa, na Kulwa aliiweka sebuleni kwetu juu ya meza ya kulia. Tukahamia kula kwenye mkeka. Mama hakuelewa kinachoendelea kwenye kioo lakini aliketi nyuma ya Kulwa akimwambia apunguze mwendo kwenye kona.

Baadaye Kulwa akaagiza kadi mpya ya picha, ili ule mchezo mpya wa magari ukubali, pamoja na diski ya pili na mlango wa kusomea sidii. Akavifunga mwenyewe. Mashine ikawaka vizuri. Magari yakijipanga tu kuanza mbio, ikazima. Ikawaka tena, ikazima pale pale. Akaibeba hadi barazani.

Fundi hakuwa ameona kompyuta nyingi, lakini alisema umeme ni umeme. Akafungua, akatuonyesha lile sanduku la bati lililo nyuma, lenye feni, linalopokea umeme wa ukutani na kuwagawia wengine wote ndani. Kulwa aliliita pawasaplai. Fundi akasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni: wati mia moja. Akachukua boksi la sabuni. Bodi na ubongo wake, hamsini. Kadi mpya, kumi na tano. Diski mbili, ishirini na tano. Sidii, kumi na tano. Feni na vidudu vingine, kumi na tano.

"Mia na ishirini," alisema. "Theluthi yake arobaini. Tafuta ya mia na sitini kwenda juu, bwana mdogo. Hii inabeba mzigo wa watu wawili."

Kulwa alilichukua lile boksi akalitia mfukoni. Mashine akairudisha nyumbani, akaiacha wazi mezani kwetu, sanduku la zamani limeshatolewa, nyuma pana tundu la mraba ambalo mkono ungeweza kupita. Akamwambia Mama kwamba anakwenda Masumbwe wiki tatu, kuna watu anaowajua wana duara, yaani shimo lao la dhahabu. Akirudi anapitia Mwanza kununua pawasaplai.

"Msiiguse," alisema. "Nakuja kuimalizia mwenyewe."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Ningependa yangekuwa mengine.

Wiki tatu zikawa miezi mitatu. Nilikwenda Masumbwe. Mmoja aliniambia amemwona Kulwa akipanda gari la kwenda Segese. Mwingine aliniambia kuna duara lililoporomoka msimu wa mvua, na waliokuwa chini hawakuandikwa majina popote. Nilikwenda Segese pia. Nilirudi na tope kwenye viatu, basi. Wajomba walikuja kutaka tukae matanga, watu walie, jambo liishe. Mama akawauliza, "Matanga ya nani?" Hapakuwa na mwili. Wakanywa uji wakaondoka.

Tangu hapo sikuhisi kitu. Sisemi hivi kwa kujivunia. Nilipiga chapa ofisini, ofisi ya pamba, nikarudi, nikala, nikalala. Watu wakisema "Shikamoo Mama Kulwa" mlangoni, nilisikia jina lake mara kumi kwa siku na halikunichoma. Mama alipangusa vumbi kwenye ile mashine kila asubuhi kwa kitambaa kilicholowa kidogo, na kwenye lile tundu la nyuma alipitisha kidole pembeni, pande zote nne.

Ulipotimia mwaka nikaamua nitanunua pawasaplai mimi. Nilitaka ile mashine imalizike, ifunikwe, iwake au iuzwe, lakini iache kusubiri. Nikiimaliza, nilifikiri, nitakuwa nimesema kile ambacho wajomba walishindwa kusema. Nilimwambia Mama jioni, kwa mkato. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

Nikapanda basi kwenda Mwanza, nikapata ya wati mia mbili. Niliibeba begani kutoka dukani hadi stendi na bega likaniuma siku kadhaa. Asubuhi ya tatu nikaipeleka barazani. Nakumbuka palikuwa na bakuli mezani kwa Fundi, la maua mekundu, limejaa michembe, yale mapande ya viazi vitamu yaliyokaushwa. Bakuli lilikuwa letu. Nililiona, nikadhani Mama kampelekea kwa wema tu.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimia. Hivyo ndivyo wazee wa Kisukuma wanavyomwita binti: mayu, yaani mama.

"Mwangaluka, Fundi. Nimeileta."

Akaiweka kiganjani. Akafumba macho. Akapandisha, akashusha. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Nyepesi," alisema.

"Imeandikwa mia mbili, Fundi. Wewe ulisema mia na sitini."

"Maandishi kila mtu anaandika. Haitoshi, mayu. Itaunguza kila kitu, na diski zake zote."

Hakuingia dukani kuomba mizani. Hilo niliona kwa macho yangu na sikulifikiria. Bega langu lilikuwa bado linauma, lakini bega la mpiga chapa ni nini mbele ya mkono wa Fundi? Akaniambia niiache hapo, ataitafutia matumizi mengine. Nikaiacha.

Mwaka uliofuata nikaleta ya mia mbili thelathini. Ikawa nyepesi nayo. Mara hii alichukua boksi la sabuni akapiga hesabu upya, akazidisha mara mbili badala ya kuongeza theluthi, ikawa mia mbili na arobaini, akasema jioni umeme umezidi kuwa mdogo. Nilimsifu moyoni kwa uangalifu wake. Ya tatu, ya mia mbili na hamsini, aliigeuza geuza akasema plagi zake si za bodi ile, ni za mashine za kizazi kipya. Akanionyesha. Kweli haikuingia. Nilipofika nyumbani na kumwambia Mama kwamba hata hii imegoma, aliitikia "Basi tungoje," akachota maji kumwagilia mchicha. Siku hiyo aliimba. Nilisikia kutoka chumbani nikashangaa kidogo, kisha nikaacha kushangaa.

Sikujaribu tena. Fundi akahama, Baba Nasrini alisema amekwenda Tinde, kule kwenye njia panda, kuchaji betri za magari na redio za wakulima. Alilalamika kwamba mizani sasa ni safi na haina kazi.

Mama alikufa mwaka wa mwisho wa miaka ya tisini, homa ya siku nne. Tulimzika kwa jina la Mama Kulwa. Watu walilia sana na mimi nilipokea pole, nikahesabu vikombe vya chai, nikarudisha masufuria kwa wenyewe. Wajomba walitazama ile mashine mezani na kutazamana.

Wiki kadhaa baadaye ofisi ilinituma Kahama na basi likasimama Tinde kwa ajili ya tairi. Kondakta akasema nusu saa. Nikashuka, nikaona banda la bati lenye betri zimepangwa mbele, na kiti cha miguu mitatu na jiwe. Niliwaza kwamba jiwe lile lile limesafiri naye.

Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa na ukungu, ikabidi nijitaje.

"Shikamoo Fundi. Ni Doto. Wa Mama Kulwa."

"Marahaba, mayu. Nilisikia habari za mama. Sikuweza kuja, miguu." Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Pole. Pole sana."

Nikasema nimeshapoa. Ndilo jibu nililompa kila mtu. Akaniuliza kama mashine bado ipo. Nikamwambia ipo pale pale, juu ya meza ya kulia, tundu lake nyuma. Nikamwambia pia kwamba wiki hiyo nimepanga kuiondoa, kuna shule imeitaka hata ikiwa mbovu.

Akainama, akapapasa chini ya meza nyuma ya betri, akavuta kitu kilichofungwa kwenye gunia, akanipa.

"Pima," alisema.

Nilijua kabla ya kufungua. Mkono wangu ulishuka kwa uzito. Nikafungua gunia, nikaiona karatasi ubavuni, wati mia mbili, ile ya kwanza niliyoibeba kutoka Mwanza.

"Hii ilitosha, mayu," alisema Fundi. "Ilitosha na theluthi yake, na ziada. Sijawahi kushika nzito kuliko hii."

"Sasa kwa nini?"

"Mama yako alikuja asubuhi ile kabla yako. Alileta michembe. Hakulia. Aliniambia, 'Fundi, Doto anakuja na kile kisanduku. Mwambie hakitoshi. Kikitosha, mwanangu hana cha kurudia.' Nikamwambia mimi kazi hiyo siiwezi. Akasema, 'Ndiyo maana nimekuja kwako. Mwingine hataaminiwa.'" Akajifuta macho kwa nyuma ya mkono. "Ya pili pia alikuja. Ya tatu ilikuwa haingii kweli, nilimshukuru Mungu."

Nilikaa kwenye ukingo wa betri moja. Nilikasirika. Nasema wazi, nilimkasirikia yule mzee na nilimkasirikia Mama ndani ya kaburi lake: miaka mitatu wamenipandisha mabasi ya Mwanza, wakinitazama nikirudi na mizigo. Halafu hasira ikapita na nyuma yake kikaja kitu kingine, nikaanza kulia palepale kwenye vumbi la Tinde, mbele ya watu wenye redio zao mikononi. Nilimlilia Mama. Nilimlilia Kulwa, kwa mara ya kwanza tangu alipoondoka. Iliuma sana na nilishukuru kwamba inauma.

Kondakta akapiga bati. "Kahama! Twende, twende!"

"Ichukue," Fundi alisema. "Ni yako. Skrubu nne tu, mtu yeyote atakufungia. Wape hao wa shule ikiwa nzima, watoto wacheze. Nimebeba uongo huu hadi umenichosha."

Nilisimama nayo mkononi. Niliwaza meza ya kulia, na kidole cha Mama kikipita pande zote nne za lile tundu. Niliwaza mtu anayeweza kuingia mlangoni siku yoyote, akiwa na mvi, akiwa kilema, akakuta gari limefika mwisho wa mbio bila yeye. Basi likapiga honi. Nikafumba macho, nikaipandisha, nikaishusha, mara mbili.

"Nyepesi, Fundi," nikasema. "Haitoshi."

Alinitazama kwa yale macho yake ya ukungu, kisha akaipokea, akaifunga kwenye gunia, akairudisha chini ya meza.